Historia Ifike Kabla ya Ijumaa

Barua ilipotoka Dar es Salaam ilikuwa ombi. Maktaba ya chuo kikuu ilikuwa inakusanya maandishi na masimulizi ya kale ya pwani ya kusini, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa mto Ruvuma, yahifadhiwe kabla hayajaliwa na mchwa, na iliwaomba viongozi, kwa heshima zote, wawahimize wananchi wenye chochote wajitokeze. Mkoani wakaondoa heshima. Wilayani wakaweka tarehe. Katani wakapiga muhuri, na karatasi ikishapigwa muhuri haimwombi mtu tena. Ilipofika Likombe, mjini Mtwara, mikononi mwa Mama Rozalia Chilumba, balozi wa nyumba kumi, ilikuwa agizo: kila nyumba itoe historia moja, isiyopungua kurasa mbili, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Mama Rozalia aliongeza neno lake moja. Mwaka ule wa sabini na nne sukari haikununuliwa hivi hivi. Ilitoka kwa kibali. Balozi anaandika, duka la ushirika linapima. Sasa akatangaza kwamba nyumba isiyo na historia haitapata kibali. Alikuwa amehitimu elimu ya watu wazima miezi minne tu iliyopita, cheti chake kimetundikwa juu ya mlango ambapo hata mbuzi anayepita anakiona, na kwa jambo lililoandikwa hakuwa na mchezo.

"Nyumba namba saba," alisema Jumatatu jioni, amesimama kibarazani kwa Kasiani Haule, daftari kwapani. "Historia."

Kasiani alikuwa anavua viatu. Alikuwa karani wa ghala bandarini, mtu mwembamba wa miaka hamsini kasoro, mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana.

"Karibu kwanza ukae, Mama Balozi."

"Nikikaa nyumba kumi sitazimaliza. Historia."

"Sisi ni watu wa Songea, Mama. Tumeshuka hapa mwaka wa sitini na nane, kwenye lori la mbao. Hapa hatuna historia, tuna vyombo tu."

"Na huko Songea?"

"Songea tunayo tele! Nikianza kukusimulia—"

Mama Rozalia akamzuia kwa kiganja, akafungua barua, akatembeza kidole chini ya mstari mpaka akapata neno alilolitaka. "Hapa pameandikwa pwani ya kusini. Songea ina pwani?"

"Haina."

"Basi."

Modesta, mke wa Kasiani, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Na kile kibali chetu, Mama Balozi? Zile kilo ishirini za harusi?"

"Nimekiandika, Mama Esta. Hiki hapa." Akafungua daftari, akawaonyesha, akalifunga. "Hakina sahihi tu. Kinangoja historia."

Akashuka kibarazani kwenda nyumba namba nane. Harusi ya binti yao Esta ilikuwa Jumamosi ya juma lililofuata. Wakwe walikuwa wanatoka Masasi, watu sitini kwa hesabu ya chini, na walikuwa wameshatuma salamu kwamba wao ni watu wa chai.

"Nitawapa nini wale?" Modesta akasema. "Maji ya moto? Mwanangu aende ukweni aitwe mtoto wa chai chungu mpaka azeeke?"

"Historia nitaitafuta," Kasiani akasema, ingawa hakuwa na habari historia inatafutwa upande gani wa mji.

Kabla hajaipata yake, za wenzake zikamfuata. Jumanne jioni alikuja Josephu Nandonde wa nyumba namba tatu, kuli wa bandarini mwenye shingo nene na moyo laini, amebeba mayai matano ndani ya kofia.

"Karani, niandikie," akasema. "Historia ninayo, mkono wa kuandika ndio sina."

Hati ya Kasiani ilijulikana bandari nzima. Manahodha wa Kigiriki wasiojua neno moja la Kiswahili walikuwa wakiitazama karatasi yake ya mizigo na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Akatandaza karatasi, akachovya kalamu. "Sema."

"Babu yangu, vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipofika, alikimbilia porini, akajificha miaka miwili, akala ming'oko."

Kasiani akaandika. Ming'oko ni mizizi ya porini ambayo watu wa Mtwara huichimba na kuichemsha, na mwenye njaa huishukuru. "Halafu?"

"Halafu akala ming'oko mingine. Vita vikaisha, akarudi."

Wote wawili wakaitazama karatasi. Ilikuwa na mistari minne.

"Kurasa mbili, Josephu."

Josephu akajikuna shingo. "Basi sema alimpiga Mjerumani."

"Alimpiga?"

"Angempata angempiga. Babu alikuwa na hasira sana."

"Alimpiga na nini?"

"Na mchi. Bibi alikuwa na mchi mzuri wa mpingo."

Kwa miaka sita Kasiani hakuwa ameandika kitu ila idadi ya magunia ya korosho, na sasa akahisi kalamu inachangamka mkononi. Akampa Mjerumani masharubu mekundu. Akampa farasi mweupe na bastola iliyogoma kulia. Mwisho wa ukurasa wa pili Mjerumani alikuwa ameshazikwa, na babu yake Josephu anakula ming'oko, lakini safari hii kwa ushindi. Kasiani alipomsomea, Josephu alifuta macho kwa kofia, mayai yakiwa yamekwisha kutolewa kwa bahati nzuri.

Jumatano asubuhi nyumba zote kumi zilikuwa na habari. Anna, mjane muuza vitumbua wa nyumba namba tano, alikuwa wa kwanza mlangoni.

"Niandikie ya kama Josephu," akasema, "ila Mjerumani wangu awe mnene."

"Babu yako mwenyewe alikuwa anafanya nini, Mama?"

"Alichemsha chumvi kule mdomoni Ruvuma. Yeye na bibi, na mitungi yao. Lakini hiyo si kazi tu? Mimi nataka historia."

Kasiani alijaribu, kwa sauti ndogo, kusema kwamba chumvi nayo ni kitu. Anna akamwuliza kama aliwahi kusikia mtu akiimbiwa wimbo bendera inapopandishwa kwa sababu ya chumvi. Kasiani akamwandikia Mjerumani mnene. Masharubu mekundu akayaacha yalivyo, kwa kuwa Anna aliyasikia kwa Josephu na kuyapenda. Wa nyumba namba moja naye akayataka. Wa namba tisa akasema kama wenzake wana farasi yeye hakubali Mjerumani wa miguu. Hakuna aliyekubali babu yake afanye kidogo kuliko babu wa jirani, na kufika Alhamisi Kasiani alikuwa ameandika historia nane, na ndani yake Wajerumani wanane wenye masharubu mekundu wamelazwa chini kwa mchi mmoja wa mpingo.

*

"Mayai ishirini na matatu," Modesta alisema Alhamisi hiyo, akimwaga chai isiyo na sukari mbele ya mumewe. "Kisamvu vishada sita. Kuku mmoja, tena mgonjwa. Umewaandikia watu wanane. Sisi yetu iko wapi?"

"Siwezi kutunga ya kwetu. Kila mtu anajua mimi ni wa kuja."

"Ipo barua ya babu Matei."

Kasiani akageuka kutazama mlango kama umefungwa. "Sitaki kusikia habari za hiyo barua."

Matei Haule, babu yake, aliteremka kutoka Songea akiwa kijana, akawa mpishi wa bwana mkubwa wa Kijerumani pale bomani Mikindani. Bwana alipohamishwa alimwachia barua, ukurasa mmoja, kwa Kijerumani, herufi za kizamani zenye mikia. Katika ukoo hakuna aliyewahi kuisoma. Lakini kila Krismasi baba yake Kasiani alikuwa ananawa mikono, anaifunua mezani na kuwaambia watoto, "Humu babu yenu amesifiwa." Mara moja padri mmoja aliisoma yote, akatabasamu, akaikunja na kusema, "Itunzeni sana hii." Uthibitisho gani zaidi ya huo? Kasiani mwenyewe aliiambatisha alipoomba kazi ya ghala bandarini, na kazi akapewa.

"Mikindani ni pwani au si pwani?" Modesta akauliza.

"Ni pwani."

"Basi historia hiyo hapo, ndani ya sanduku, chini ya shuka za harusi."

"Mama Esta, hebu fikiri. Nyumba nane hapa zimemuua Mjerumani. Mimi nisimame mbele zao niseme babu yangu alikuwa anamkaangia mayai? Wataniita kibaraka!" Neno hilo alilisema kwa kunong'ona. Siku hizo mtu angekubali kuitwa mwizi wa kuku kuliko kuitwa kibaraka wa mkoloni. "Esta aolewe akiwa kitukuu wa kibaraka?"

"Na harusi isiyo na chai nayo utaiitaje?"

Kasiani akavaa viatu. Akachukua baiskeli, akaenda Mikindani kuomba historia kwa Gulamali.

*

Gulamali alikuwa na duka la vitambaa na vyombo, ghorofa moja ya mawe karibu na maji, na mizigo yake ilikuwa inapita mikononi mwa Kasiani ghalani. Walikuwa wanaheshimiana. Siku hiyo rafu za duka zilikuwa na sabuni za kufulia, kandili mbili na kitambaa cha rangi ambayo hakuna aliyeitaka. Ukutani kulikuwa na picha ya mzee mwenye kilemba na ndevu nyeupe, anatazama duka kwa macho ya kudai.

"Bwana Gulamali, nimekuja kwa shida," Kasiani akasema. "Nataka kujua ukoo wenu umekuwa hapa tangu mwaka gani."

Gulamali akaiweka chini rula ya kupimia. Kutoka nyuma ya pazia akatokea mkewe, Sakinabai, upesi kuliko mtu wa magoti mabovu anavyoweza kutokea.

"Sisi?" Sakinabai akasema. "Sisi tumekuja juzi."

"Juzi?"

"Juzi hii. Historia hatuna kabisa."

"Lakini hii nyumba, Mama, na huyu mzee hapa ukutani—"

Sakinabai akapanda kigoda, akaishusha picha, akaigeuzia uso ukutani. "Huyu hatumjui. Tulinunua fremu, akaja naye."

Kasiani akaeleza habari za maktaba, za barua, za historia na sukari, na kila alivyozidi kueleza ndivyo Sakinabai alivyozidi kuwa mgeni wa nchi. Mwisho alikuwa haijui hata njia ya kwenda kisimani. Gulamali akamshika Kasiani mkono, akamtoa nje mpaka kwenye baiskeli.

"Usimkasirikie Mama," akasema. "Mwaka wa sabini na moja alikuja mtu na daftari, mpole, kalamu mfukoni kama wewe. Akaniuliza nyumba yetu ya mjini Mtwara ilijengwa lini, na nani. Mimi nikafurahi! Nikamwambia mwaka, nikamwambia mpaka jina la fundi. Nikamletea na soda." Akalitazama gurudumu la baiskeli. "Nyumba ikachukuliwa. Yule ukutani ni babu yangu. Lakini kwa leo, Bwana Haule, naomba na wewe usimjue."

Kasiani akaona aibu ambayo hakujua aiweke wapi. Aliomba radhi, akapanda baiskeli, na njia nzima ya kurudi alikanyaga bila hamu. Alikuwa ameenda kuomba historia, akamkuta mwenye nayo anaifukia.

*

Ijumaa saa sita mchana Mama Rozalia alikusanya karatasi nyumba kwa nyumba, akaweka alama ya vema kwenye orodha yake mara tisa, ya tisa ikiwa nyumba yake mwenyewe, ambayo historia yake aliiandika peke yake kwa siku nne. Mbele ya namba saba akaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa, akaibandika orodha mlangoni chini ya cheti.

"Mgeni anafika kesho," akamwambia Kasiani. "Nakupa mpaka atakapoondoka. Zaidi ya hapo usinilaumu."

Watu waliokuwa wakitoka kisimani walisimama kusoma, wasiojua kusoma wakasomewa. Esta aliyaona yote akiwa na ndoo kichwani. Aliporudi nyumbani alimwambia baba yake, bila hasira, kwamba labda watume habari Masasi wageni waje wakiwa wameshakunywa chai. Kasiani aliona heri angemtukana.

Mkutubi alifika Jumamosi saa nne kwa gari la wilaya. Watu walitarajia mzee mwenye koti. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, viatu vya chini, begi la ngozi begani. Aliitwa Helena. Alikuwa yatima wa Ndanda, aliyelelewa na masista wa Kijerumani, na alikuwa na namna ya kuamkia watu iliyomfanya hata Mama Rozalia alegeze kidogo mabega. Meza iliwekwa uwanjani kwa balozi. Nyumba kumi zote zikakaa kwenye mikeka, wamevaa nguo za kanisani.

Mama Rozalia akakabidhi karatasi tisa kwa mikono miwili. "Ndugu mgeni, tumetimiza. Asilimia tisini."

Helena akashukuru, akaanza kusoma. Alisoma ya kwanza akitabasamu. Ya pili aliisoma akirudi kutazama ya kwanza. Kwenye ya nne akatoa penseli, akawa anaweka vijistari pembeni. Kasiani alikuwa amekaa mkeka wa nyuma, na kila kijistari alikihesabu.

"Ndugu zangu," Helena akasema mwishoni, "huyu Mjerumani mwenye masharubu mekundu. Alikuwa na ndugu?"

Josephu akaiinamia kofia yake.

"Naona amekufa nyumba namba moja. Amekufa namba mbili. Namba tatu amekufa na kuzikwa. Namba tano amenenepa, amekufa tena. Mchi ni uleule." Akainua karatasi ya mwisho, yenye herufi kubwa. "Ni huyu mmoja tu aliyekufa maji."

"Huyo ni wangu," Mama Rozalia akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Masharubu niliyasikia kwa watu."

"Na hizi nane zimeandikwa na nani? Hati ni moja. Nzuri sana."

Vichwa vyote vikageuka mkeka wa nyuma. Kasiani akasimama taratibu, akaona bora kusema kweli kuliko kusemewa. "Ni mimi, ndugu. Wao walisema, mimi nikaandika. Lakini masharubu ni yangu."

Mama Rozalia aliinuka. Uso ulikuwa umembadilika. Mbele ya mgeni wa chuo kikuu, chini ya cheti chake mwenyewe, nyumba zake kumi zilikuwa zimeonekana za uongo. "Basi na mimi niseme," akasema. "Historia hizi si historia. Nimefuta. Sukari hakuna! Namba moja mpaka namba kumi, na yangu ndani."

Hapo mikeka ikachemka. Anna akadai vitumbua vyake haviwezi kupikwa kwa matumaini. Wa namba tisa akamwuliza Kasiani nani alimtuma aweke farasi. Watu waliokuwa wamelia kwa furaha wakisomewa babu zao sasa walimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda kuwaamsha Wajerumani makaburini. Na katikati ya kelele hizo Modesta akasimama, akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Modesta," Kasiani akasema. "Mama Esta, nakuomba."

"Umewaomba watu wote juma zima, baba. Sasa tulia." Akaiweka mezani. "Hii ni ya nyumba namba saba. Imetoka Mikindani, bomani. Ina pwani."

Helena aliifunua kwa ncha za vidole. Akatoa kioo cha kukuzia maandishi, akainama. Alisoma bila sauti, midomo ikitembea, na alipofika chini akarudi tena juu. Pembe ya mdomo wake ikafanya kile kile alichofanya yule padri.

"Tafadhali soma, ndugu," Mama Rozalia akaamuru. "Kwa wote."

Helena akamtazama Kasiani. Kasiani, aliyekwishakata tamaa, akaitikia kwa kichwa. Kama ni kuitwa kibaraka, basi aitwe kwa sifa zote za babu yake.

"'Kwa yeyote anayehusika,'" Helena akasoma, akitafsiri polepole. "'Mwenye barua hii, Matei, amenipikia miaka mitatu hapa Mikindani. Ni msafi, halewi, na sijapata kuona mpishi hodari kama yeye katika pwani hii. Anayetaka kumwajiri asisite.'"

Kasiani akanyoosha mgongo. Kweli ilikuwa sifa.

"'Ila sukari aifungie kabatini, na ufunguo alale nao mwenyewe. Mimi nimebadilisha kufuli mara nne.'"

Mwanzo hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeamini. Kisha Josephu Nandonde akatoa mlio mmoja mwembamba usiofanana na shingo yake, akaketi chini, na uwanja mzima ukamfuata. Anna alicheka mpaka akashikwa asianguke. Esta alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. Hata Modesta, Mungu amsamehe, alikuwa anatazama pembeni akiwa amejiuma mdomo.

Kasiani alisimama peke yake katikati ya kicheko hicho. Alimwona baba yake, marehemu, ananawa mikono siku ya Krismasi, anaifunua karatasi hii kwa heshima. Kisha akakumbuka kwamba ndiyo aliyoiambatisha kuomba kazi ya kutunza ghala, akatamani ardhi ipasuke.

"Bwana Haule," Helena akasema, kelele zilipopungua, "hii ni ya kweli. Tarehe ipo, mahali papo, mtu yupo. Naiomba kwa maktaba."

"Uichukue kabisa?"

"Ikishaingia kwenye daftari hairudi. Itahifadhiwa, na jina lako litaandikwa kama mtoaji. Watu wataisoma hata baada ya miaka mia."

"Wataisoma yote?"

"Yote."

"Hata pale chini?"

"Pale chini ndipo watakapopapenda."

Kasiani akasogea karibu na meza, akapunguza sauti. "Ndugu, pale mwisho ni mistari miwili tu. Hamwezi kuikata kidogo, kwa mkasi?"

"Mkutubi hakati, Bwana Haule."

Ndipo ilipobaki kwake. Angeweza kuikunja karatasi, kuirudisha chini ya shuka, na katika miaka michache watu wangesahau maneno. Nyumba namba saba ingebaki HAKUNA. Au aiache, na jina la Haule likae Dar es Salaam pamoja na kufuli nne mpaka mwisho wa dunia. Akamtazama Esta. Esta alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anaitazama kalamu iliyo mfukoni mwa baba yake, ile ya kuonekana.

Kasiani akaichomoa hiyo hiyo, akatia sahihi kwenye daftari la Helena. Hata siku hiyo hati yake ilikuwa nzuri.

Josephu akainuka, akijifuta machozi kwa kofia, na safari hii hakuwa anacheka. "Ndugu mgeni, babu yangu hakumpiga mtu," akasema. "Alijificha. Miaka miwili alikula ming'oko."

Helena akageuka upesi. "Walikuwa wanaipikaje? Ile michungu walikuwa wanaitambuaje?"

Josephu, ambaye hakuna mtu wa shule aliyewahi kumwuliza kitu, akaanza kueleza, na penseli ya Helena ikaanza kukimbia. Anna akasukuma watu akipita. "Na mimi wangu alikuwa wa chumvi! Andika chumvi! Bibi aliitwa Theresia na mitungi aliifinyanga mwenyewe!" Wa namba tisa akakubali kwamba wa kwake alibebeshwa mizigo, farasi alimwona tu kwa mbali. Mpaka adhuhuri Helena alikuwa amejaza daftari moja na kuazima jingine kwa Kasiani. Mama Rozalia aliichukua karatasi yake ya Mjerumani aliyekufa maji, akaichana vipande vinne kwa uangalifu, akasema atakayoileta Jumatatu itakuwa ya mama yake, na itakuwa na kurasa zaidi ya mbili.

"Huyu wa namba saba," mtu mmoja akasikika akisema, "tumcheke, lakini sisi wote tumewaua kwa kalamu. Babu yake ndiye aliyewala kweli."

"Kufuli nne!" Josephu akasema kwa heshima.

Kasiani alisikia, akahamia mkeka wa mbele. Gari la wilaya lilipoondoka, Mama Rozalia aliibandua orodha mlangoni, akafuta HAKUNA, akakaa mezani na kufungua lile daftari lake. Kibali kilikuwa pale, sukari kilo ishirini, harusi ya Esta Haule. Akashika kalamu. Alitia sahihi herufi moja moja, ulimi nje kidogo, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Akapuliza wino ukakauka, akachana karatasi, akainuka.

Kasiani akanyoosha mkono kuipokea.

Mkono wa Mama Rozalia ukaupita wake, bila ubaya wowote, ukaenda mpaka kwa Modesta, ukaiweka karatasi kiganjani mwake na kumfumba vidole.

"Unisamehe, Baba Esta," akasema. "Imeandikwa."